Usiku wa ziwa, hofu, na mbwa mlangoni: nani mwingine humu katulizwa moyo na mbwa wake?

BintiKatonga

Wakuu habari za humu. Nimekaa na hili jambo muda mrefu nikaona nililete tulijadili, maana kila nikikuta watu wanaongelea mbwa ni mambo mawili tu, bei ya jemani shepadi au fulani kang'atwa. Mimi nataka tuongelee namna mbwa anavyomtuliza binadamu, na siongelei mbwa wa kwenye tivii anayelala kwenye makochi, naongelea huyu huyu koko wa uani anayekula dona na vichwa vya migebuka.

Niko Katonga, Kigoma, mume wangu mvuvi wa dagaa. Wanaoijua kazi hii wanajua dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa ndio watu wanapumzika, kwahiyo giza likirudi najua nimeanza tena usiku wa peke yangu na watoto. Wezi siwaogopi sana, kinachonimaliza ni upepo. Ziwa letu hili kina chake kinafika mita 1,470, duniani linapitwa na Baikal la Urusi tu, sasa upepo ukianza kuvuma saa nane za usiku na wewe mtu wako yuko huko juu ya maji, hulali. Unasikiliza bati, unasikiliza watoto wanavyopumua, unasikiliza kama kuna mtu anakuja kugonga na habari, kunakucha macho mekundu na dagaa wa kuanika wanakusubiri ufukweni. Ukifika hapo kila mtu unamfokea, watoto, muuza maji, mama mkwe, na hakuna aliyekukosea.

Mbwa wetu anaitwa Siafu, tulimchukua mdogo kwa ajili ya ulinzi tu. Mchana alikuwa anafungwa kwenye mwembe, usiku anaachiwa. Msimu mmoja wa mvua nikaanza kumruhusu alale kwa ndani pale mlangoni asilowe, na hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Nikishtuka usiku sisikilizi tena bati, namwangalia yeye. Akiwa kalala mbavu zinapanda na kushuka polepole najua hakuna kitu huko nje, maana angekisikia kabla yangu. Akiinua sikio nami nainua kichwa, akikirudisha kichwa chini nami nakirudisha. Yaani kanipokea zamu. Upepo upo pale pale na mume wangu yuko ziwani vile vile, ila masikio yangu yamepata mtu wa kuyapumzisha.

Ndio maana sikubaliani na wanaosema mbwa wa ulinzi ni mwingine na mbwa wa kufariji ni mwingine. Kwangu ulinzi wenyewe ndio faraja. Na huku kwetu tunamweka mbwa mbali na sisi kisha tunasema mbwa wetu hawana hiyo kazi ya kutuliza watu, wakati hatujawahi kuwapa nafasi.

Naomba wenye uzoefu mje, na wenye elimu mtueleze mwilini kunatokea nini. Wanaopinga karibuni pia.

Gungu_Mtaani

Dada nakusoma vizuri na pole kwa hizo usiku, ila mimi nilirukiwa na mbwa nikiwa darasa la tatu natoka kuchota maji, kovu lipo kwenye paja hadi leo. Mimi nikimwona mbwa moyo unapiga kama ngoma, hayo ya kutulia yanatoka wapi? Naona haya ni mambo ya wazungu wenye upweke, sisi tuna ndugu, tuna majirani, mtu ukiwa na mawazo unakaa barazani na wenzio mnaongea yanaisha.

BintiKatonga

Pole sana kaka, na mtu mwenye kovu sitamlazimisha ampende mbwa, woga wako una sababu. Ila kwenye la majirani nikuulize, saa nane za usiku ukamgongee jirani umwambie nini? Na wanawake wenzangu wote hapa wana waume kwenye maji hayo hayo, ukimwambia mwenzio naogopa umemwongezea na yeye. Kuna hofu nyingine ukiitamka inaambukiza, kwa mbwa inaishia hapo.

Mrina_wa_Sikonge

Mwangaluka wakuu, nachangia kutokea Sikonge, Tabora. Hayo ya kusema mambo ya wazungu nayakataa kabisa. Babu yangu alikuwa mrina asali na mimi nimerithi mizinga yake, tunaingia porini kwenye miombo tunakaa kambini wiki na wiki, na hakuna mzee aliyekuwa anaingia bila mbwa. Watu wanadhani mbwa ni wa fisi na chui tu. Kweli fisi wapo, ila muulize yeyote aliyelala porini peke yake, adui mkubwa ni kichwa chako mwenyewe, kijiti kikivunjika umeshaona simba, ukungu ukipita umeshaona mtu. Babu alikuwa anaweka mgongo wa mbwa ugusane na miguu yake karibu na moto, na alituambia vijana, mbwa akilala lala, mbwa akiamka amka, katikati ya hapo usijisumbue. Ndicho alichosema dada hapo juu kwa maneno yake.

Mbwa wake aliitwa Wasemavyo. Wazee wa huku wanapenda kumpa mbwa jina la kumfikishia jirani ujumbe, ukimwita mbwa wako jioni kwa sauti mtaa mzima unaelewa. Basi Wasemavyo alipokufa babu alimzika chini ya mninga na akakaa siku kadhaa bila kwenda porini, na hakuna aliyemcheka.

Mwalimu_Isevya

Uzi mzuri sana huu. Mimi ni mwalimu hapa Tabora mjini, nimekuwa nikisoma haya mambo kwa muda kwa sababu ya mtoto mmoja nitakayemtaja chini, ngoja nijibu swali la mleta uzi kuhusu mwilini kunatokea nini.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walichukua watu 18 na mbwa 18, wakapima presha na damu kabla na baada ya mtu kukaa anampapasa mbwa taratibu na kuongea naye kwa upole. Presha ilishuka, oksitosini, ile homoni ambayo mama anayenyonyesha anakuwa nayo kwa wingi, ikapanda kwa watu na kwa mbwa pia, na kwa watu kortisoli ikashuka, hiyo ndio homoni ya kuhangaika. Zingatieni hapo, mbwa naye alinufaika, siyo kwamba unamnyonya yeye upate wewe.

Halafu 2015 Wajapani wa chuo kikuu cha Azabu, kina Nagasawa na Kikusui, wakaonyesha kwamba hata kuangaliana kuna mchango wake. Mbwa na bwana wake wakikaa wanatazamana sana oksitosini inapanda kwa wote wawili, na ikipanda kwa mbwa anazidi kukutazama, nawe inazidi kupanda. Wakajaribu na mbwa mwitu wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza, siyo hawa wa porini kwetu, waliolelewa na watu tangu wadogo, haikutokea. Kwahiyo hiki kitu kimekuja na maelfu ya miaka ya kuishi pamoja, zaidi ya miaka 14,000, na koko wa Katonga ni wa ukoo huo huo, hakuna aliyepima akaona inataka mbwa wa bei.

Kuna jingine linalohusu mkono wenyewe. Ngozi yetu yenye vinyweleo ina mishipa ya fahamu inayopokea zaidi mguso wa polepole, ule wa sentimita chache kwa sekunde, mguso wa kubembeleza. Mkono ukipita polepole kwenye manyoya unajikuta uko kwenye mwendo huo huo bila kufundishwa, na mwili wa mbwa una joto kama nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu, kwahiyo unamsikia wa uvuguvugu kila wakati.

Na kwa kaka wa Gungu anayesema majirani wanatosha, kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Karen Allen, 1991, aliwapa wanawake hesabu ngumu za kichwani huku anapima mapigo na presha. Waliokuwa na rafiki pembeni miili yao ilihangaika zaidi, waliokuwa na mbwa wao walitulia. Rafiki hata akiwa anakupenda unajua anakuona unavyokosea. Mbwa hana daftari la maksi.

Sasa huyo mtoto. Alifiwa na mama yake, akaacha kusoma kwa sauti darasani, ukimwita asimame anakaza midomo. Shangazi yake akaniambia nyumbani anasoma vizuri, anamsomea mbwa uani. Nikamwambia shangazi mwacheni, tena mwongezeeni vitabu. Huko Marekani, mji wa Salt Lake City, tangu 1999 wana mpango kabisa wa watoto kuwasomea mbwa, kwa sababu mbwa hasahihishi wala hacheki. Mtoto wetu huyo sasa anasoma mbele ya wenzake, kwa sauti ndogo, ila anasoma.

Ujiji_Kasimbo

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Ujiji na nataka niweke jambo mezani kwa heshima, maana wengi wetu huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii na tumekuzwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo liko wazi na mimi nalifuata. Lakini naona tumelivuta mpaka likawa ruhusa ya kumpiga mawe mbwa asiye na kosa, na hilo dini haikusema.

Kufuga kwa mifugo, kwa shamba na kwa kuwinda kumeruhusiwa kwenye hadithi sahihi, na wanazuoni wengi wakalinganisha na ulinzi wa nyumba. Na wote tumesoma madrasa kisa cha yule mtu aliyemkuta mbwa anakula udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akapanda nacho kwa meno, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na Sura ya Al-Kahf, watu wa pangoni wamelala na mbwa wao kanyoosha miguu ya mbele kizingitini. Dada aliposema Siafu analala mlangoni na wao wanapata usingizi, mimi nikakumbuka aya hiyo moja kwa moja.

Kwa wanaofuga, utulivu huo hauhitaji akulambe. Mbwa mkavu akikupitia na nguo yako kavu kwa Shafii hakuna najisi inayohama. Mimi wangu ana sehemu yake uani, nina nguo za kukaa naye, nikitoka kazini nakaa kwenye kigoda yeye analala pembeni, magharibi ikikaribia nabadilisha nguo naenda kuswali. Ile nusu saa ya pale uani siku ikiwa mbaya inanisaidia sana.

BintiKatonga

Wa alaykum salaam shekhe, umenigusa. Mama mkwe wangu ndio lilikuwa neno lake hilo, nitamsomea hapa hapa kwenye simu.

Kibirizi_Boy

Niongezee la kwetu. Mimi napakia abiria hapa Kibirizi wanaokwenda Gombe. Jane Goodall alikuja huku Julai 1960 kuwatazama sokwe na akaishi nao mpaka dunia nzima ikajua Kigoma iko wapi, mama wa watu kafariki Oktoba 2025. Alipoulizwa nani alimfundisha kwamba wanyama wana akili, tabia na hisia zao alikuwa anamtaja mbwa, Rusty, koko mweusi wa utotoni kwake Uingereza, na wala hakuwa wake, alikuwa wa hoteli ya jirani. Maprofesa wa Cambridge walimwambia asiwape sokwe majina na asiseme wana hisia, yeye akasema hilo nilishajua kutoka kwa Rusty. Kwahiyo wenye kudharau koko wafikirie hapo, hata kazi ya Gombe ina mchango wa koko.

Gungu_Mtaani

Wakuu nimesoma yote. Mwalimu swali langu moja, wewe umesema mbwa anahisi. Mimi nikiwa naogopa yeye si anajua? Ndio maana wananifuata mimi tu kundi zima la watu?

Mwalimu_Isevya

Kaka swali zuri. Chuo cha Queen's kule Belfast walifanya hilo, 2022. Waliwapa watu hesabu ya kurudi nyuma kutoka 9,000 kwa kutoa 17 kila mara kwa sauti, wakachukua jasho na pumzi kabla na baada, wakawapa mbwa wanne wanuse. Mbwa wakatambua ile ya mtu aliyehangaika karibu mara 94 kwa 100. Kwahiyo harufu ya mwili ikibadilika mbwa anaweza kuinusa, ila kuinusa siyo lazima akuchukie. Kinachomvuta akufuate zaidi ni kukimbia na kumkazia macho. Ukisimama, ukageuka ubavu, mikono chini, wengi wanapoteza hamu.

Na Wasweden wa Linköping, 2019, walipima kortisoli kwenye nywele za watu na manyoya ya mbwa wao, wakakuta vinakwenda pamoja kwa miezi mingi, na ilionekana mbwa ndio anamfuata bwana wake. Hili tulibebe kwa uzito. Nyumba ya kufokeana kila siku mbwa naye anachakaa. Ukimtegemea akubebee, naye apate kukimbia na kucheza na kulala mchana bila kupigwa.

AfisaMifugo_Tbr

Habari wakuu. Nimefurahi kwamba mmefika mpaka hapa, ila nisipoandika hili nitakuwa sijafanya kazi yangu. Hakuna mbwa wa kutuliza mtu kama hana chanjo ya kichaa cha mbwa. Duniani wanakadiriwa kufa watu 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi Afrika na Asia, wengi watoto, na karibu wote wanaupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu kisha kila mwaka, nenda kwa afisa mifugo wa kata yako muulize, na ikitangazwa kampeni ya chanjo mtaani peleka wote hata wa jirani asiyejali. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa ugonjwa unakatika.

Uking'atwa, iwe mbwa wa nani, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 zima, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe. Usipake majani, usipake mafuta, usisubiri uone mbwa atakuwaje.

Halafu mbwa wa kufungwa mnyororo kutwa. Namshukuru mleta uzi kamfungua wake. Mbwa wa mnyororo mfupi anaona kila mpita njia ni adui kwa sababu hawezi kukimbia, ndio hao wanaong'ata watoto wanaotoka kuchota maji kama kaka wa Gungu. Anasikia sauti nyembamba sana ambazo sisi hatuzisikii, mpaka kama hezi 45,000 wakati sisi tunaishia 20,000, sasa fikiria mnyama wa masikio hayo amefungwa karibu na spika ya baa. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kupe na viroboto watolewe, watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Nesi_Mwanga

Nami kidogo kwa upande wa binadamu. Mbwa anasaidia, sipingi, kuna utafiti wa zamani wa Marekani wa 1980 wa wagonjwa wa moyo 92, waliokuwa na mnyama nyumbani walikufa 3 kati ya 53 ndani ya mwaka, wasio na mnyama 11 kati ya 39. Ila tafiti zilizofuata hazijakubaliana zote, na mwenye nguvu ya kufuga mara nyingi ana nguvu kuanzia mwanzo, kwahiyo tusiseme mbwa ni dawa ya moyo.

Ninachoomba, mtu akikosa usingizi wiki mpaka wiki, hali chakula, anaona hana thamani au anafikiria kujidhuru, aje hospitali, tuna watu wa afya ya akili na dawa zipo. Mbwa aendelee kulala mlangoni na wewe njoo kliniki, vyote viwili. Dada BintiKatonga hilo nakuambia kwa upendo, ukiona hofu ya ziwa inakufuata mpaka usiku wa mbalamwezi mume akiwa nyumbani, njoo tuongee.

BintiKatonga

Asante dada nesi, nimelipokea. Mbalamwezi nalala mpaka naamshwa, kwahiyo bado iko kwenye upepo tu. Ila kuna mwenzangu hapa jirani nitamleta mwenyewe.

MamaWawili_Urambo

Jamani mimi nasoma kimya kimya tangu mwanzo. Mama yangu yuko Urambo peke yake tangu baba afariki, jioni hawashi hata taa, anakaa tu. Nataka nimpelekee mbwa. Nimchukulie mtoto au mkubwa? Na miguu inamsumbua.

Mrina_wa_Sikonge

Mama wa miguu usimpe mtoto wa mbwa, atamwangusha na kumtafunia kandambili zote. Tafuta mkubwa mtulivu wa miaka mitatu hadi minne kutoka nyumba inayohama, mwone kwanza anavyokaa na wazee wa hapo. Na muulize mama mwenyewe kama anamtaka, usimshushie tu.

AfisaMifugo_Tbr

Naunga mkono. Mkipata, kabla hajafika kwa mama achomwe chanjo, apewe dawa ya minyoo, na kama ni jike afungwe uzazi ikiwezekana, vinginevyo mama atajikuta na wanane. Wiki za mwanzo kaa nao hapo, mama ndiye ampe chakula kwa mkono wake jioni saa ile ile kila siku. Hiyo ya saa ile ile ni muhimu, maana mbwa akizoea atamfuata mama kumdai chakula hata siku ambayo mama hajisikii kuinuka, na itabidi ainuke, awashe taa, apike uji wa mbwa.

MamaWawili_Urambo

Nimempigia sasa hivi. Kauliza anakula nini na kama ni dume. Naja na majibu wiki ijayo.